Mche wa Serikali Hauna Njaa

Nchi ya Neemani haimo katika ramani yoyote, na wenyewe wanasema hilo ni kosa la ramani. Ni nchi yenye milima, mto, redio moja na shibe. Shibe ilipatikana kwa tamko. Rais alisimama akatangaza kwamba kuanzia dakika ile njaa imekwisha, umati ukapiga makofi, na neno lenyewe likafutwa katika vitabu vya shule. Aliyejisikia vibaya tumboni alishauriwa kusema kwamba ana subira. Basi ungewasikia watu sokoni wakijuliana hali, huyu anasema ana subira kidogo tangu jana, yule anasema wanawe wana subira kali, na maisha yaliendelea kwa utulivu ambao nchi jirani ziliuonea wivu.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke mmoja ambaye hakujaliwa subira ya aina yoyote. Aliitwa Dokta Atuganile Mwaisumbe, mtaalamu wa misitu katika kituo cha utafiti cha Serikali. Kiti chake ofisini kilikuwa kipya miaka nenda miaka rudi, maana hakuwahi kukikalia muda wa kutosha kukichakaza. Alikula amesimama, alisoma akitembea, na kwenye mikutano ya kituo aliruhusiwa kukaa karibu na mlango ili asiwasumbue wenzake kila anapotoka kwenda kuangalia kitalu. Kazi yake ilikuwa kutafuta jambo ambalo kwa Wizara lilionekana dogo: mche wa mti unakula nini, na kwa nini mmoja hunawiri na mwenziwe hudumaa mpaka akafa.

Lakini kwake halikuwa dogo. Kijiji alichozaliwa, Ibungu, kimekaa chini ya kilima kikali. Zamani kilima hicho kilikuwa na msitu wa mikangazi. Msitu ulikatwa wote ili zipatikane mbao za viti vya Kongamano la Kitaifa la Kuhifadhi Misitu, kongamano lililofana sana. Masika iliyofuata ubavu mmoja wa kilima uliporomoka ukamfukia Ambakisye, kaka yake Atuganile, pamoja na mkewe, wakiwa ndani ya nyumba yao. Ubavu uliosalia uliinamia nyumba ya mama yao, Bibi Sekela, ambaye alikataa katakata kuhama. Alisema hawezi kumwacha mwanawe peke yake chini ya udongo.

Kila mwaka Serikali ilipeleka miche kule, na kila mwaka miche ilikauka kabla majani ya pili hayajatoka. Ndiyo maana wingu lilipokuwa zito upande wa Ibungu, Dokta Atuganile alishindwa hata kumaliza chai. Aliinuka, akazunguka kitalu, akarudi, akainuka tena.

*

Alichofanya kilikuwa rahisi. Alipanda mikangazi katika viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, akaipanga katika matuta matatu. Tuta la kwanza alililisha mbolea ya dukani, na hakulibania. Tuta la pili hakulipa kitu ila maji na udongo uliochoka, ule ule wa kilima cha Ibungu. Tuta la tatu alilipa udongo huo huo wa Ibungu, lakini kila kiriba alikitia konzi moja ya udongo mweusi aliouchota chini ya mikangazi mikongwe, katika kipande cha msitu wa mbali kilichosalimika kwa sababu hakikuwa na barabara. Katika udongo ule mna kuvu, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazojishikiza kwenye mizizi na kuifyonzea chakula mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki.

Miezi ikaenda. Tuta la kwanza likarefuka kwa fujo, majani mapana, mashina laini kama mchicha. Tuta la pili likawa la manjano na kudumaa. Tuta la tatu halikuwa refu, lakini shina lilikuwa gumu, na Dokta alipopasua kiriba kimoja aliona mizizi imeshikana na udongo mpaka hakujua wapi mzizi unaishia na wapi udongo unaanzia. Siku hiyo aliuzunguka uzio wa kituo mara nyingi mpaka mlinzi akamuuliza kama kuna kitu kimepotea.

Habari kwamba kituo kina miche mirefu zikamfikia Waziri wa Misitu, Kimo na Mwonekano wa Taifa, Mheshimiwa Kapteni Mstaafu Sudi Ngwaba. Akaja kuiona. Alikuja na mbeba mwavuli, mbeba miwani, watu wa kamera, na bwana mmoja mnene ambaye kazi yake ilikuwa kucheka Mheshimiwa anapoinua kidole gumba. Mkurugenzi wa kituo, Bwana Faraji Kilindo, mtu mwema ambaye hofu ilikuwa imemnyonya mpaka shati likawa kubwa, aliwatembeza huku akijifuta jasho.

Waziri alianza kwa kuihutubia miche. Aliiambia kwamba yenyewe ndiyo taifa la kesho, kwamba Serikali imeijali tangu ikiwa mbegu, na kwamba isikubali kuinamishwa na upepo kutoka nje ya mipaka. Miche ya tuta la kwanza ikatikisika kwa upepo, Waziri akafurahi, akainua kidole gumba, yule bwana mnene akacheka vizuri. Kisha wakafika tuta la pili.

"Hawa wana nini?" Waziri aliuliza.

Dokta Atuganile alikuwa anahangaikia bomba la maji lililokuwa likivuja nyuma yake. Alijibu bila kufikiri, kama mtu anavyojibu swali la kazi yake.

"Ina njaa, Mheshimiwa."

Mwavuli ulianguka. Bwana mnene alifungua kinywa acheke, akakumbuka kwamba kidole hakijainuliwa, akakifunga. Mkurugenzi Kilindo aliharakisha kueleza kwamba Dokta alikusudia kusema subira, ulimi umeteleza tu. Lakini Dokta alikuwa amekwisha kugeuka, na badala ya kunyamaza akaanza kueleza kwamba ni lazima pawe na tuta lisilopewa kitu, vinginevyo mtu hawezi kujua kama chakula alichoyapa matuta mengine kimefaa au ni mvua na jua tu.

Waziri alisikiliza akiwa amefumba macho. Akauliza kama ameelewa sawasawa kwamba Serikali ina watoto watatu, na mtumishi wake anamlisha mmoja mbolea, mmoja konzi ya udongo, na wa tatu anamnyima ili amwangalie. Dokta akafikiri, akasema kwamba kwa kifupi ndivyo. Ni baada ya kusema ndipo aliposikia jinsi jibu lake lilivyokaa vibaya hewani.

*

Tume ikaundwa. Mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu aliyebobea katika kesi za mipaka ya makaburi, na wajumbe walikuwa watu wazito, hata viti vilizungumza walipokaa. Miche ya tuta la pili iliitwa kama mashahidi, ikawekwa mezani, ikaulizwa kama ina malalamiko. Karani akaandika kwamba mashahidi hawakuwa na malalamiko yoyote. Dokta Atuganile aliulizwa ni nani aliyemtuma kulinganisha, maana katika Neemani watu wote walikuwa wameshiba sawa, na mtu hawezi kulinganisha vitu vilivyo sawa ila awe na nia yake. Alijibu amesimama, akihama mguu huu kwenda ule, na Tume ikaandika hilo nalo kama dalili.

Uamuzi ulisomwa redioni. Njaa haikuonekana kituoni. Kilichoonekana ni rangi ya manjano, ambayo ni rangi halali. Kuanzia siku ile vitalu vyote vya nchi vingelishwa kama tuta la kwanza, tena maradufu, ili ifikapo Siku ya Kijani kila mche uwe umefika kiunoni mwa Waziri. Kwa bahati Mheshimiwa hakuwa mtu mrefu, na Wizara nzima ilimshukuru Mungu kimyakimya. Ama tuta la pili na la tatu, ambayo kimo chake kililidhalilisha Taifa, yachomwe moto.

Dokta aliposikia hivyo aliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Alimweleza kwamba miche mirefu itakufa. Kichwa chake ni kikubwa kuliko miguu yake. Imezoea kuletewa kila kitu mdomoni, mizizi haijajifunza kutafuta. Ikipandwa mlimani jua likakaza, hakuna utakaosimama. Miche ya tuta la tatu ndiyo ya kupandwa.

"Dokta," Kilindo alisema kwa sauti ndogo, "hao warefu wanatakiwa kusimama mpaka kamera ziondoke. Baada ya hapo ni mapenzi ya Mungu."

"Basi nipe hao wafupi."

"Mimi nina watoto, dada yangu."

"Na mimi nina mama chini ya kile kilima."

Kilindo aligeukia dirisha. Kisha akaanza kuwaza kwa sauti, kama mtu anayeongea na ukuta. Barabara ya Ibungu, alisema, ilikwisha kuzinduliwa na Mheshimiwa mara mbili. Kwa hiyo hakuna kiongozi anayeweza kwenda Ibungu bila kugundua kwamba barabara haipo, na kwa hiyo hakuna kiongozi atakayekwenda. Kitu kilichopelekwa Ibungu, kwa maoni yake ya kiutumishi, kilikuwa sawa na kitu kilichochomwa moto. Alipogeuka, Dokta alikuwa ameshatoka. Alikuwa kitaluni akipakia viriba.

*

Lori liliwafikisha mahali ambapo utepe wa uzinduzi ulikuwa bado umefungwa kati ya miti miwili. Mbele ya utepe kulikuwa na vichaka. Wanawake wa Ibungu walishuka kuipokea miche, wakaibeba kichwani ndani ya mabeseni, Bibi Sekela akitangulia na fimbo yake akionya kila mmoja asiteleze. Walipanda miche kilimani tangu asubuhi hadi jua lilipowachoma migongo. Atuganile aliwafundisha kuchimba shimo, kutia konzi ya udongo mweusi, kukandamiza kwa kisigino. Hakukaa. Alipanda juu kuona safu ya juu, akashuka kuona ya chini, akapanda tena, mpaka wanawake wakamcheka na kumwambia kilima hakitakimbia. Hilo hasa, akawaambia, ndilo aliloliogopa.

Ikabaki chini miche ya tuta la pili. Aliipeleka kando ya uwanja wa shule, akaipanda safu moja katika udongo mtupu, bila konzi. Mama yake alikuja akasimama pembeni.

"Hii nayo uipe kidogo, mwanangu. Mbona unaionea?"

"Nikiipa sitajua, mama."

"Utajua nini?"

"Kama ni udongo ule uliookoa ile mingine, au ni bahati."

Bibi Sekela aliitazama safu ile, kisha akaitazama shule, ambako Mwalimu Lugano alikuwa akikoroga uji katika sufuria kubwa. Uji ule ndio uliowaleta watoto wengi darasani, kwa maana nyumbani kwao kulikuwa na subira toka Jumatatu hadi Jumatatu. Atuganile aliona mama yake alikokuwa anatazama. Tangu hapo, kila alipopita kando ya safu ile alipita kwa haraka, bila kugeuza shingo. Alikuwa amefanya majaribio ya namna hiyo maisha yake yote, na hakuwahi kuona haya mbele ya mche.

*

Siku ya Kijani ilifika. Juu ya Mlima wa Uzalendo, karibu na Mji Mkuu, miche mirefu ilipandwa kwa nyimbo na kufungwa riboni. Waziri alisimama kando ya mmojawapo akapigwa picha, na mche ukamfika kiunoni kama ulivyoagizwa. Wiki hiyo jua likakaza. Majani yakalegea, mashina yakalala, na mlima ukawa na rangi ya kahawia mwezi haujaandama. Wizara ilitoa taarifa kwamba miche imejipumzisha.

Kwa kuwa wageni walikuwa wakitarajiwa, ilitakiwa miche mingine mara moja, na mche haukui mara moja. Mtu mmoja wizarani akatoa wazo la kukata matawi ya kijani na kuyachomeka ardhini. Matawi mazuri kuliko yote yalikuwa katika kile kipande cha msitu kilichosalia. Wizara ikachonga barabara mpaka huko kwa siku chache, barabara pekee iliyokamilika mwaka ule, na mikangazi mikongwe ikaangushwa ili ipatikane miche.

Dokta Atuganile alipopata habari alikimbia. Alikuta visiki, na jua limeanza kuichoma ardhi ambayo haikuwahi kuliona. Udongo mweusi ulikuwa unageuka vumbi mikononi mwake. Alilia, lakini hakusimama kulia, alilia akichota. Alijaza magunia, akayafunika kwa majani mabichi, akarudi kuchota tena kwenye vivuli vya mwisho vilivyobaki. Wakataji walidhani amerukwa na akili, wakampisha. Magunia yale aliyapeleka Ibungu, akayaficha kwenye ubaridi nyuma ya nyumba ya mama yake, akapanda mikangazi juu yake ili kuvu ipate pa kujishikiza.

Kule Mji Mkuu, balozi wa nchi rafiki alitembezwa Mlima wa Uzalendo. Alichoka, akaegemea mche mmoja, mche ukatoka naye, wakaanguka wote. Alipoinuka alikuwa ameshika tawi lililochongwa kama kigingi. Aliliangalia sana. Bwana mnene alicheka peke yake, na kwa mara ya kwanza alicheka vibaya.

*

Sasa Waziri alihitaji miti ya kweli, na aliihitaji kwa haraka. Mkurugenzi Kilindo aliitwa, akabanwa, na jasho lilipokwisha akasema ipo Ibungu.

Wakati huo masika mbili zilikuwa zimepita tangu miche ipandwe Ibungu. Ya pili ilikuwa kali. Mvua ilinyesha mfululizo na Atuganile, aliyekuwa ameomba likizo ambayo hakuna aliyeijibu, aliishi kilimani akifungua mifereji kwa jembe. Maji yalishuka mekundu, kisha ya kahawia, kisha siku moja yakashuka karibu maangavu. Mizizi michanga na nyasi zilizoota chini yake zilikuwa zimeanza kukamata. Ubavu haukushuka. Bibi Sekela alipika ndizi, akamlazimisha binti yake kukaa chini ale, na akakaa mpaka ndizi ya pili.

Mheshimiwa aliletwa Ibungu amekaa kwenye kiti kilichobebwa mabegani, kupitia vichakani, kando ya utepe wake mwenyewe. Njiani aliisifu barabara kwa ulaini wake. Alipouona ule ubavu wa kijani alishuka kitini. Aliigusa miti, akaivuta, na miti ikakataa kung'oka. Akauliza ililishwa nini. Kilindo, ambaye kwa hofu alikumbuka nusu tu ya mambo, akajibu kwamba hii ndiyo ile miche iliyonyimwa.

Waziri aliinua uso, kama mtu aliyeteremshiwa jambo. Akatangaza palepale kwamba sayansi ya Neemani imegundua siri ya kukua, nayo ni kunyimwa. Mbolea iliua, kunyimwa kumeotesha. Taifa limekuwa likiwadekeza watu wake. Ikazaliwa Sera ya Kunyima ili Kukuza, na ingeanza na wale wanaokua, yaani watoto. Uji wa shuleni ungeondolewa nchi nzima. Uzinduzi ungefanyika hapo hapo Ibungu, na Dokta Atuganile angesoma tamko la kitaalamu na kuvishwa nishani.

Aliposikia alimwendea Kilindo, akamwambia kwamba huo ni uongo na hatausoma. Kilindo hakuweza kumtazama. Alisema kilima ni mali ya Wizara, na vijana wa kung'oa wameshaandaliwa. Akisoma, kilima kitawekewa uzio na kulindwa. Asiposoma, kitang'olewa mche kwa mche.

Siku zile zote za kungoja uzinduzi Atuganile alitembea. Alitembea kilimani, akashuka, akazunguka shule, akapita ile safu yake kwa haraka kama kawaida, akarudi. Nusu ya nafsi yake ilisema uji utarudi siku moja, bali udongo ukishashuka haurudi. Nusu nyingine haikusema kitu. Ilisikiliza tu vikombe vya bati vikigongana shuleni. Mwisho alimweleza mama yake yote, bila kuficha, hata lile la kung'oa.

Bibi Sekela alikuwa akichambua mchicha. Alimaliza fungu moja ndipo akajibu.

"Mimi nimekula, mwanangu. Hao watoto hawajala."

*

Siku ya uzinduzi uwanja wa shule ulijaa. Watoto walipangwa kwa kimo, mfupi mbele, ili Taifa liwaone wakikua. Sufuria la uji lilipinduliwa na kufunikwa bendera, kwa ajili ya kumbukumbu. Waziri alihutubia mpaka kivuli chake kikamhama. Alisema tumbo ni adui wa ndani. Alisema yeye mwenyewe siku ile alikunywa chai bila kitafunwa cha tatu. Kidole gumba kikainuka, bwana mnene akacheka, na Dokta Atuganile akaitwa.

Alivishwa nishani, akapewa karatasi ya kusoma. Alisoma salamu za mwanzo, zilizokuwa ndefu. Kisha akaikunja, akasema kwamba jambo la kitaalamu huaminika zaidi likionekana kwa macho, na akamwomba Mheshimiwa atembee naye hatua chache. Kamera ziligeuka. Waziri hakuwa na namna, akateremka jukwaani, na umati ukawafuata mpaka kando ya uwanja, kwenye ile safu.

Safari hii hakupita haraka. Alisimama. Vilikuwa vijiti vikavu, vimepangika vizuri, na kati yao kimoja au viwili vyenye jani la manjano.

"Hii ndiyo iliyonyimwa, Mheshimiwa," alisema. "Ile ya juu ililishwa. Mama hawa waliilisha kwa mikono, konzi kwa konzi, na mimi nilikuwapo."

Aliinama akavuta kijiti kimoja. Kilitoka bila ubishi, na chini yake mzizi ulikuwa kama uzi. Alimkabidhi Waziri mkononi.

"Niliinyima mimi, nikijua itakufa. Niliinyima ili siku moja nikiulizwa nisibahatishe. Leo nimeulizwa. Watoto hawa si tuta la pili."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliyebeba beseni siku ile ya kupanda alisogea, akainama, akavuta kijiti cha pili, akakiangalia, akampa jirani yake. Jirani akavuta cha tatu. Vijiti vikapita mkono kwa mkono nyuma ya umati mpaka kwa mafundi wa kamera. Waziri alibaki ameshika chake. Alipokigeuza kuutazama mzizi, kidole gumba kikainuka bila yeye kutaka, na bwana mnene, aliyekuwa mtumishi mwaminifu, akacheka kwa sauti katika ule ukimya wote.

Redio ilisema jioni kwamba mtaalamu amemkabidhi Mheshimiwa mche wa kihistoria. Haikusema hali yake.

*

Dokta Atuganile alifukuzwa kazi kesho yake, kwa kosa la kutembea wakati wa hotuba. Vijana wa kung'oa walitumwa Ibungu na lori. Walifika kwenye utepe, wakaona barabara haipo, wakakaa wakavuta sigara. Kuripoti kwamba barabara haipo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuacha kung'oa. Wakarudi wakaripoti kwamba kilima kimeng'olewa chote, wakapongezwa, na Wizara ikakifuta kilima cha Ibungu katika orodha ya vitu vilivyopo.

Sera haikufutwa. Katika wilaya nyingi uji uliondolewa, na madarasa yakapungua watoto. Hilo Dokta hakuweza kulizuia, na halikumpa raha. Alihamia kwa mama yake. Watu wa vijiji vya kando, wenye vilima vinavyowainamia, walianza kuja kuomba konzi ya udongo mweusi kutoka kwenye yale magunia, naye aliwagawia kwa sharti kwamba nao wakiotesha watagawa. Mara kwa mara alikwenda nao kuonyesha namna ya kukandamiza kwa kisigino, akarudi na matope mpaka magotini, akaondoka tena.

Shuleni Ibungu Mwalimu Lugano aliendelea kupika. Wizara ilipopata fununu ilimtuma mkaguzi, kijana mwembamba aliyevaa suti ya kuazima. Alitembea vichakani tangu alfajiri, na alipofika uwanjani watoto walikuwa na vikombe mkononi, mvuke ukipanda. Mwalimu alisimama mbele ya sufuria, amepauka. Atuganile alikuwa akiteremka kilimani na jembe begani. Aliona suti, akaongeza mwendo, akijiandaa kwa ugomvi.

Mkaguzi alikuwa anaangalia mwiko. Bibi Sekela, aliyekuja kusaidia kuosha vyombo, alimtazama shingo, akachota kikombe, akamsogezea na kigoda.

"Kaa kwanza, mwanangu. Kazi utaifanya ukishakula."

Alikaa. Alikunywa kikombe cha kwanza bila kupuliza. Akapewa cha pili, na cha tatu watoto wakampa nafasi mstarini. Mwishoni Mwalimu aliinamisha sufuria, Atuganile akalikwangua kwa mwiko mwenyewe, na yote yakaenda kwenye kikombe chake. Alipomaliza alikaa kidogo akiwa ameshika magoti, machozi yakimlenga, kisha akainuka, akanyoosha suti, akachungulia ndani ya sufuria kama kazi yake ilivyomtaka.

Akarudi Mji Mkuu akaripoti kwamba amekagua shule ya Ibungu kwa makini na hakukuta uji.